Michezo ya zamani ya kompyuta kwenye mifumo mipya

Michezo ya zamani ya kompyuta mara nyingi hugoma kufunguka, hukwama au hujifunga ghafla inapowekwa kwenye kompyuta yenye mfumo endeshi mpya. Tatizo hili huonekana hasa katika michezo iliyotengenezwa kuanzia miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya MS-DOS na matoleo ya awali ya Windows.

Kwa kawaida diski ya mchezo ni nzima na faili zake hazijaharibika. Kilichobadilika ni mazingira yanayouzunguka mchezo: prosesa, kumbukumbu, kadi ya picha na kanuni za mfumo endeshi wenyewe. Kwa kuwa mabadiliko hayo ni ya aina nyingi, hakuna dawa moja inayotibu michezo yote. Kazi ya kwanza ni kutambua mchezo unagomea hatua gani, kisha kuchagua njia inayolingana na chanzo cha tatizo.

Sababu za tatizo

Programu za biti 16

Michezo mingi ya MS-DOS na ya Windows 3.1 iliandikwa kwa prosesa zilizofanya kazi kwa biti 16. Windows 95, iliyotolewa mwaka 1995, ilileta programu za biti 32 kwa watumiaji wa kawaida, lakini iliendelea kuzipokea zile za biti 16. Matoleo ya Windows ya biti 64 hayawezi kabisa kuendesha programu za biti 16. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, hupatikana kwa biti 64 pekee, hivyo mchezo wa MS-DOS hauwezi kufunguka moja kwa moja ndani yake.

Wapo wanaoshangaa kuona mchezo wa mwaka 1997, ambao ni wa biti 32, nao unakataa. Mara nyingi mchezo wenyewe hauna kasoro. Ni programu ya kuusakinisha iliyo ya biti 16. Katika miaka hiyo watengenezaji wengi walitumia visakinishi vya zamani ili diski moja ifanye kazi kwenye kompyuta za aina nyingi.

Hali kama hiyo iliwapata watumiaji wa kompyuta za Apple. Mfumo wa macOS Catalina, uliotolewa mwaka 2019, uliacha kuendesha programu za biti 32, na michezo mingi iliyokuwa ikifanya kazi siku moja kabla ya kubadilisha mfumo haikufunguka tena.

Kasi ya prosesa

Kompyuta ya kwanza ya IBM PC, ya mwaka 1981, ilitumia prosesa ya Intel 8088 yenye kasi ya megahezi 4.77. Baadhi ya watengenezaji wa michezo hawakutumia saa kupima muda. Waliiacha prosesa izunguke mara kadhaa bila kazi ili mchezo usikimbie mno. Prosesa zilipoongezeka kasi, michezo hiyo nayo ilikimbia kiasi kwamba mchezaji hakuweza hata kuona adui anatokea upande gani. Ndiyo maana kompyuta nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa na kitufe cha "Turbo", ambacho kiliwezesha kupunguza kasi ya mashine.

Kasi inaweza pia kuua mchezo papo hapo. Mfano maarufu ni programu zilizotengenezwa kwa Turbo Pascal ya kampuni ya Borland. Programu inapoanza, sehemu yake iitwayo CRT huhesabu prosesa inaweza kuzunguka mara ngapi katika milisekunde 55, kisha hugawa idadi hiyo kwa 55. Jibu linatakiwa kutosha katika biti 16, yaani lisizidi 65,535. Prosesa zilipofikia kasi ya takriban megahezi 200, jibu lilivuka kiwango hicho, na programu ikajifunga ikionyesha kosa namba 200, linalosema kuwa kumekuwa na kugawa kwa sifuri. Hakuna aliyegawa kwa sifuri. Jibu lilikuwa kubwa kuliko chombo kilichotayarishwa kulipokea.

Kumbukumbu iliyo nyingi kupita kiasi

Sababu ya aina hiyohiyo hufanya baadhi ya michezo idai kwamba kumbukumbu haitoshi, ilhali kompyuta ina gigabaiti 8 au zaidi. Namba ya biti 32 inayoruhusu alama ya hasi haiwezi kuzidi 2,147,483,647, kiasi kinacholingana na gigabaiti 2 za kumbukumbu. Kikizidi hapo, mchezo husoma namba hasi. Mchezo unaohitaji megabaiti 64 ukilinganisha na namba iliyo chini ya sifuri huona kwamba mashine haifai, na hujifunga.

Picha na rangi

Michezo mingi ya miaka ya 1990 ilitumia rangi 256 tu, ambazo mchezo wenyewe ulizichagua na kuziweka katika orodha. Kadi na mifumo ya sasa hutumia mamilioni ya rangi, na namna ya zamani haishughulikiwi vizuri. Watumiaji wa Windows Vista na Windows 7 waliona jambo hili katika Age of Empires II: nyasi ziligeuka nyekundu na maji yakawa na rangi za ajabu.

Michezo mingine iliandikwa kwa ajili ya kadi za kampuni ya 3dfx, zilizotamba kuanzia mwaka 1996, na ilizungumza na kadi hizo kwa lugha yake maalumu iitwayo Glide. Kampuni hiyo ilikufa na mali yake nyingi ikanunuliwa na NVIDIA. Hakuna kadi ya leo inayoifahamu Glide, kwa hiyo mchezo unaoitegemea hutafuta kadi isiyokuwepo na kuishia hapo.

Ruhusa na ulinzi wa diski

Kabla ya Windows Vista, programu nyingi ziliandika chochote mahali popote katika diski ya kompyuta. Michezo ilihifadhi maendeleo ya mchezaji ndani ya folda yake yenyewe. Tangu Vista, folda ya Program Files inalindwa, na mchezo usio na ruhusa ya msimamizi huzuiwa kuandika humo au maandishi yake huhamishiwa kimyakimya katika folda nyingine iitwayo VirtualStore. Matokeo yake ni mchezo unaojifunga unapohifadhi, au maendeleo yanayoonekana kama yamepotea.

Ulinzi dhidi ya kunakili diski ni kikwazo kikubwa zaidi. Mfumo wa ulinzi uitwao SafeDisc ulitumia draiva iliyofanya kazi ndani kabisa ya Windows, na draiva hiyo ilikuja kuonekana kuwa na udhaifu ambao wavamizi wangeweza kuutumia. Windows 10 ya mwaka 2015 ilitolewa bila draiva hiyo, na Septemba mwaka huohuo Microsoft iliizima kwa sasisho la usalama katika Vista, Windows 7 na Windows 8. Kwa hiyo mtu aliyenunua diski halali anaweza kuiweka kwenye kompyuta na mchezo usifunguke kabisa, mara nyingi bila ujumbe wowote wa maelezo.

Makosa yaliyokuwemo tangu mwanzo

Si haki kuilaumu mifumo mipya peke yake. Mara nyingine mchezo ulizaliwa na kosa, na mfumo wa zamani ulilificha kwa bahati.

Kisa kinachojulikana sana ni cha SimCity ya Windows 3.x. Joel Spolsky, aliyewahi kufanya kazi Microsoft, alieleza mwaka 2000 kwamba mchezo huo ulikuwa ukisoma sehemu ya kumbukumbu ambayo tayari ulikuwa umeiachilia. Katika Windows 3.x kosa hilo halikuleta madhara kwa sababu sehemu hiyo ilibaki kama ilivyokuwa. Windows 95 ilianza kuigawa kwa matumizi mengine, na mchezo ukajifunga. Watengenezaji wa Windows waliongeza maagizo maalumu: mfumo ukiitambua SimCity, haukurudisha kumbukumbu iliyoachiliwa upesi. Mfumo mzima ulijirekebisha kwa ajili ya kosa la programu moja.

Kisa cha karibuni zaidi kinahusu Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotolewa kwa kompyuta mwaka 2005. Baada ya sasisho la Windows 11 liitwalo 24H2, la mwaka 2024, ndege ya majini iitwayo Skimmer ilitoweka kwenye mchezo. Uchunguzi uliochapishwa Aprili 2025 na mtengenezaji wa viraka vya mchezo huo ulionyesha kwamba maelezo ya ndege hiyo yalikosa vipimo vya magurudumu tangu siku ya kwanza. Mchezo ulijaza pengo hilo kwa namba zozote zilizobaki kwenye kumbukumbu, na kwa takriban miaka ishirini namba hizo zilikuwa za gari lililosomwa kabla yake. Toleo jipya la Windows lilianza kutumia sehemu hiyo ya kumbukumbu kwa kazi nyingine, nalo lilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Ndipo kosa likajitokeza.

Namna ya kutambua chanzo

Hatua ambayo mchezo unagomea hutoa dalili nzuri kuliko ujumbe wa kosa, ambao mara nyingi ni mfupi au haueleweki.

- Ukigoma wakati wa kusakinisha, inawezekana kisakinishi ni cha biti 16.
- Usipofunguka kabisa na usitoe ujumbe, huenda ulinzi wa diski ndio unaouzuia.
- Ukitaja faili inayokosekana, yenye jina linaloishia na .dll, kuna sehemu ya msaada ambayo haijasakinishwa.
- Ukifunguka na kuonyesha skrini nyeusi au rangi zisizo sahihi, tatizo liko upande wa picha.
- Ukijifunga wakati wa kuhifadhi, chanzo kinaweza kuwa ruhusa ya folda.
- Ukikimbia mno, au ukijifunga bila mpangilio katikati ya mchezo, chanzo kinaweza kuwa kasi, au prosesa yenye viini vingi ambayo mchezo haukuandikwa kwa ajili yake.

Windows huweka kumbukumbu za matukio hayo katika programu iitwayo Event Viewer. Humo huandikwa jina la faili iliyokuwa ikifanya kazi mchezo ulipojifunga, pamoja na namba ya kosa. Namba 0xc0000005 humaanisha kwamba programu iligusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa. Namba 0xc0000135 humaanisha kwamba faili inayohitajika haikupatikana. Namba 0xc000007b mara nyingi huonyesha kwamba faili za biti 32 na za biti 64 zimechanganywa.

Kanuni muhimu katika uchunguzi huu ni kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, kujaribu, na kuandika matokeo. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja hata akifanikiwa hajui ni lipi lililosaidia, na akishindwa anaweza kuwa ameongeza tatizo jipya juu ya lile la zamani. Kabla ya kuanza inafaa kunakili faili za maendeleo ya mchezo na kuziweka mahali pengine.

Njia za kurekebisha

Mipangilio ya Windows

Windows ina uwezo wa kuigiza tabia za matoleo yake ya nyuma. Mtumiaji hubonyeza faili ya mchezo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, huchagua "Properties", kisha "Compatibility". Hapo anaweza kuchagua toleo la zamani, kupunguza rangi, kutumia skrini ya 640 kwa 480, au kuupa mchezo ruhusa ya msimamizi. Njia hii ni rahisi na hugharimu dakika chache, lakini haiwezi kuipa Windows ya biti 64 uwezo wa kuendesha programu za biti 16.

Tatizo la ruhusa huondoka mara nyingi mchezo ukisakinishwa nje ya Program Files, kwa mfano katika folda C:\Michezo. Hatua hiyo ni salama kuliko kuupa mchezo mamlaka ya msimamizi kila unapofunguliwa.

Faili zinazokosekana

Windows 10 na Windows 11 zina DirectX mpya, lakini hazina faili zote za msaada zilizotumiwa na michezo ya miaka ya 2000. Mchezo unaolalamika kwamba hauioni d3dx9_43.dll, kwa mfano, huhitaji kifurushi cha DirectX cha Juni 2010 kinachotolewa na Microsoft yenyewe. Michezo ya zamani ya kuchezwa na watu wengi kwa mtandao huweza kuhitaji DirectPlay, ambayo imo ndani ya Windows ila imezimwa. Huwashwa katika orodha ya vipengele vya ziada vya mfumo. Si busara kupakua faili moja ya .dll kutoka tovuti isiyojulikana, kwa kuwa inaweza kuwa ya toleo lisilofaa au kubeba virusi.

Wakalimani wa picha

Zipo programu ndogo zinazokaa kati ya mchezo na kadi ya picha na kufanya kazi kama mkalimani. Mchezo hutoa maagizo kwa lugha ya zamani, na mkalimani huyageuza kuwa ya kisasa. dgVoodoo 2 hugeuza maagizo ya Glide na ya DirectX za awali; nGlide hushughulikia Glide. Kwa kawaida faili zake huwekwa katika folda ya mchezo husika tu, hivyo zikishindwa hufutwa bila kuathiri programu nyingine.

DOSBox

Kwa michezo ya MS-DOS, njia inayotumika zaidi ni DOSBox, programu huru iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Haiombi Windows ikubali programu ya biti 16. Inaigiza kompyuta nzima ya zamani, pamoja na prosesa, kadi ya picha na kadi ya sauti. Ikiwa mchezo umewekwa katika folda C:\Michezo, mtumiaji huandika ndani ya DOSBox:

mount c c:\michezo
c:
dir

Agizo la mwisho huonyesha yaliyomo, na mchezo huanzishwa kwa kuandika jina la faili yake. Ukikimbia mno, kasi hupunguzwa kwa kubonyeza Ctrl na F11 kwa pamoja. Ukiwa mzito, huongezwa kwa Ctrl na F12. Mchezo ukiuliza kuhusu sauti, majibu ya kawaida ya DOSBox ni Sound Blaster, anwani 220, IRQ 7 na DMA 1.

Kompyuta bandia

Michezo ya Windows 95 na Windows 98 iko katikati: ni mipya mno kwa DOSBox ya kawaida na ya zamani mno kwa Windows 11. Wakati mwingine suluhisho ni kuunda kompyuta bandia ndani ya kompyuta halisi, kwa programu kama VirtualBox, PCem au 86Box, na kuisakinishia Windows ya zamani. PCem na 86Box huigiza hata vifaa vya wakati ule, zikiwemo kadi za 3dfx, lakini huhitaji prosesa yenye nguvu na uvumilivu katika kuzipanga. Watumiaji wa Linux hutegemea Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, ambao wakati mwingine huendesha michezo ya zamani ya Windows vizuri kuliko Windows mpya yenyewe.

Injini mpya

Njia inayodumu zaidi ni kuandika upya injini ya mchezo na kuacha picha, sauti na maandishi yake yalivyo. ScummVM, iliyoanza mwaka 2001, hufanya hivyo kwa michezo ya kusisimua ya LucasArts kama The Secret of Monkey Island, na baadaye imeongezewa michezo ya kampuni nyingine nyingi. Mchezaji huhitaji kuwa na faili halisi za mchezo.

Kazi hiyo huwa nyepesi zaidi pale mmiliki anapotoa msimbo wa chanzo. Kampuni ya id Software ilitoa msimbo wa Doom, mchezo wa mwaka 1993, mnamo Desemba 1997. Tangu hapo watu wa kujitolea wameurekebisha kwa kila aina ya mashine. Mchezo uliotoka mwaka huohuo bila msimbo wake kutolewa hutegemea viraka vya wanaojua kusoma programu bila kuona ilivyoandikwa.

Usalama na haki za wamiliki

Ushauri wa kuzima kinga ya virusi ili mchezo ufunguke ni wa hatari, hasa faili ikiwa imetoka mahali pasipojulikana. Vilevile haifai kurudisha draiva ya SafeDisc kwenye kompyuta inayotumika kwa kazi na mawasiliano, kwa kuwa iliondolewa kwa sababu ya usalama.

Mchezo kuacha kuuzwa hakumaanishi kwamba haki za mmiliki zimekwisha. Kwa wengi, njia iliyo rahisi na halali ni kununua toleo lililotengenezwa upya. Duka la GOG, lililoanzishwa mwaka 2008 na kampuni ya CD Projekt ya Poland, huuza michezo ya zamani iliyotayarishwa kwa mifumo ya sasa, bila ulinzi wa diski. Michezo yake mingi ya MS-DOS huja ikiwa imefungashwa pamoja na DOSBox iliyokwisha kupangwa.

Uhifadhi

Tatizo la kugoma kwa michezo ni sehemu ya tatizo kubwa zaidi la kuhifadhi kazi zilizotengenezwa kwa kompyuta. Kitabu cha mwaka 1990 husomeka leo bila chombo chochote cha kati. Mchezo wa mwaka huo hauwi mchezo mpaka upate mashine, au programu inayoiga mashine hiyo. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na taasisi ya Video Game History Foundation kwa ushirikiano na Software Preservation Network ulikuta kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani.

Baadhi ya maktaba zimechukua hatua. Internet Archive iliweka hadharani mwezi Januari 2015 zaidi ya michezo 2,000 ya MS-DOS, ambayo huchezwa ndani ya kivinjari kwa kutumia toleo la DOSBox lililorekebishwa kwa kazi hiyo. Michezo ya Windows ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ni migumu zaidi kuhifadhi kwa namna hiyo, kwa sababu ilitegemea kadi za picha, ulinzi wa diski na, mara nyingine, seva za mtandao ambazo zimekwisha kuzimwa.